Safari ya Kumtafuta wa Kumsema Baba

Tangu nirudi, kila anayepita dukani ananiuliza swali lile lile, nilifunga duka nikaenda wapi, na kila mmoja namjibu nusu nusu, maana wateja wanaingia wakitaka misumari na rangi. Nimechoka. Nimeyaandika yote hapa. Kaeni barazani msome, kisha tusiulizane tena.

Zinga, chumbani kwa mama

Baba yangu, Mzee Kondo, alifariki wakati wa masika, na wengi wenu mlilibeba jeneza mkiteleza kwenye tope. Msichokijua ni kwamba mama bado hajatoka ndani. Eda ilikwisha. Dada yangu Mwajuma alimnunulia khanga mpya, akamchemshia maji ya kuoga, akamfungulia mlango. Mama akasema hatoki. Tukamwita mganga wa zahanati, akampima, akasema hana ugonjwa. Kuswali anaswali, kula anadonoa, lakini hata uani hafiki ila kwa haja.

Siku moja nikakaa naye mkekani nikamwuliza anataka nini.

"Mume wangu hajazikwa," akasema.

"Mama, tumemzika. Mimi mwenyewe niliingia kaburini."

"Mlimzika mtu mwingine. Nilikuwa humu ndani nawasikia. Huyu anasema marehemu alikuwa mpole. Yule anasema mkarimu. Na wewe, mwanangu wa kumzaa, ukasimama ukasema alikuwa mvumilivu. Kondo mvumilivu? Kondo aliyemkimbiza jogoo na kandambili kijiji kizima kwa sababu aliwika mapema? Huyo mnayemtaja mimi simjui. Nimekaa eda ya mgeni."

Nilitaka kucheka. Nikamtazama usoni, kicheko kikanikauka.

Kwa vijana mtakaosoma hapa, nieleze kidogo. Ukoo wetu una watani wake, wa ukoo mmoja ulioko Mkwaja, huko juu kuelekea Pangani. Akifa mtu wetu, mtani anakuja msibani kama mtu aliyekuja kwenye starehe. Anamnyang'anya mfiwa sahani, anajilaza kwenye mkeka wa wazee, halafu anaimba. Na haimbi sifa. Anamsema marehemu: uchoyo wake, miguu yake, anavyokoroma, anavyomwogopa mkewe. Kila kasoro ikitajwa, watu wanaitikia, "Mzikeni mbali, asije akarudi." Wanacheka mpaka mbavu zinauma, na katikati ya kicheko hicho ndipo kilio cha kweli kinapotoka. Sisi ndugu haturuhusiwi kumsema maiti wetu, kwetu ingekuwa tusi. Mtani anaruhusiwa, na ndiyo kazi yake.

Mtani wa baba alikuwa Mhando. Hakuja mazikoni kwa sababu hakuambiwa. Habari ya msiba tuliiweka kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, watu wakajaza innalillahi kutoka juu hadi chini, tukaona ulimwengu wote umejua. Lakini mtani si ndugu, kwenye kundi hayumo, na hakuna hata mmoja wetu aliyemkumbuka. Nilipoiwasha kidogo simu ya baba baadaye, maana ilizimwa tangu afe, nikapiga namba yake, haikupatikana.

"Mleteni Mhando," mama akasema. "Kama hapatikani, leteni wimbo."

Hilo la pili ndilo nililolishika, kwa kuwa lilikuwa jepesi. Nikafunga duka.

Bagamoyo, wimbo wa dakika sita

Nilidhani safari yangu itaishia Bagamoyo, nirudi jioni hiyo hiyo. Nikanywa supu na chapati mbili karibu na stendi, nikauliza wapi nitapata watu wa ngoma za asili. Nikaelekezwa uani kwa kijana mmoja anaitwa Jabiri, kiongozi wa kikundi kinachotumbuiza watalii mahotelini. Niliwakuta wanakausha ngoma kwenye moto wa makuti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mnaujua wimbo wa watani, ule wa 'Mzikeni mbali'?"

"Tunao huo. Unataka wa dakika tatu au wa sita? Wa sita una sarakasi."

Nilisema bila sarakasi. Wakajipanga. Haki ya Mungu, vijana wanajua kupiga ngoma! Nikampigia simu Mwajuma, nikamwambia aiweke sikioni mwa mama. Jabiri akatoa sauti, "Alikuwa mlafi ee, alikuwa mchoyo ee," wenzake wakaitikia, "Mzikeni mbali, asije akarudi," kwa sauti nne zilizopangwa vizuri. Walipomaliza nikaichukua simu kwa furaha, nikijua nimemaliza kazi.

"Huyo anayesemwa ni nani?" mama akauliza.

"Hakuna mtu, mama. Ni wimbo tu."

"Wimbo tu," akasema, akamrudishia Mwajuma simu yake.

Jabiri aliona uso wangu ulivyoshuka. Ni kijana mwenye adabu, akaniletea kiti. "Mzee, tunaweza kumtia marehemu wako humo. Wewe niambie tu alikuwa na kasoro gani, mimi nitazipanga."

Nikafungua mdomo nianze na jogoo, na aibu ikanishika hapo hapo. Mtoto kukaa uani kwa watu, ataje kasoro za babake kwa mtu asiyewahi kumwona, ili zikaimbwe! Nikasema nitarudi. Yeye alijua sirudi, na mimi nilijua anajua. Wimbo wao haukuwa na kosa lolote. Ulikuwa kama shati lililotundikwa dukani, lina mikono na kola, ndani hamna mtu.

Basi ikabidi nimfuate Mhando mwenyewe.

Makurunge hadi Saadani, kwenye lori la chumvi

Makurunge nilikaa nikingoja gari mpaka nikawajua mbuzi wa pale mmoja mmoja. Mwishowe likapita lori tupu linakwenda kupakia chumvi Saadani, dereva akanipakia mbele. Alikuwa mtu wa bara, anaitwa Massawe, mchangamfu, ana karanga kwenye mfuko wa plastiki. Akaniuliza ninakwenda wapi, nikamwambia namtafuta mtu aje amseme vibaya marehemu baba yangu.

Akaacha kutafuna.

"Alikukosea nini, mzee wako?"

"Hakunikosea kitu. Nampenda."

"Na unataka atukanwe."

"Aimbwe. Kwa kasoro zake."

Akaufunga mfuko wa karanga, akauweka upande wake wa pili. Kutoka hapo hakunisemesha. Nilijaribu kumweleza desturi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwendawazimu. Baada ya kuvuka mto Wami mvua ikaanza, na kwenye ule udongo mweusi lori likazama matairi ya nyuma mpaka kwenye ekseli. Tulikata matawi, tukayatandaza, tukasukuma, likazidi kuzama. Tukalala humo humo, tukiliwa na mbu, mimi huku na yeye kule.

Asubuhi, tukingoja trekta la mashamba ya chumvi lije kutuvuta, Massawe akaanza kusema mwenyewe, bila kunitazama.

"Mzee wangu mimi, mchungaji alisema alikuwa nguzo ya kanisa." Akatema mate nje. "Alikuwa nguzo ya kilabu cha pombe. Kanisa lote lilijua. Tuliinamisha vichwa, tukasema amina."

"Uliumia?"

"Mpaka leo sijamlilia."

Akaufungua tena mfuko wa karanga, akanisukumia. Nikala, lakini sikupata faraja yoyote. Nilikuwa nimedhani jambo hili ni la mama peke yake, la kikongwe mmoja mkaidi wa Zinga.

Saadani tuliagana, nikaingia kwa mama ntilie mmoja nikaagiza wali na samaki wa nazi. Njaa iliniuma kweli. Pembeni ya meko binti yake alikuwa amempakata mtoto mchanga anambembeleza. Nilikuwa na tonge mkononi nilipousikia wimbo wenyewe.

"Mlazeni mbali, asije akalia."

Sauti ni ile ile, inapanda pale pale na kushuka pale pale. Nilijaribu kujiambia labda nimechoka. Akaurudia, na katikati ya kiitikio akawa anatia maneno yake mwenyewe: tumbo lako kubwa, pua yako ya babako, umekojolea khanga ya bibi. Anamsema mtoto! Anamsema kwa kasoro zake, na mtoto anafumba macho.

"Binti," nikasema, "wimbo huo umeutoa wapi?"

"Wa bibi yetu. Tumelelewa nao sote."

Na mimi, kwa ujinga, nikafurahi. "Kwetu ni wa msiba huo. Wanaimbiwa maiti."

Binti akasimama, akamfunika mtoto kichwa, akaingia ndani bila kugeuka. Mamake akaja mbele yangu na mwiko.

"Mgeni, mjukuu wangu ana siku chache tu duniani. Umekuja kumtabiria?"

"Hapana, mama, nisamehe, nilikuwa—"

"Kula umalize, uende zako."

Nilikula kama anayemeza mawe. Sikuwalaumu. Ila nilikaa pale nikaelewa jambo lililonikatisha tamaa kuliko tope. Nimekuwa nikiuita "wimbo wetu". Hauna mwenyewe. Hakuna aliyeutunga, au wameutunga wote. Umetembea pwani hii kwa miguu ya watu, kila unakofika unapewa kazi nyingine na maneno mengine, na kinachobaki ni ile sauti na kiitikio. Sasa mtu kama mimi anaufungia duka kuutafuta, ataukamata wapi? Kilichobaki ni Mhando. Angalau yeye alimjua baba.

Mkwaja, chini ya turubai

Nilipata bodaboda. Njia nzima nilikuwa najiandaa, kwa sababu kwa mtani huingii na shikamoo. Unaingia na matusi tangu barabarani, tena ukichelewa kutukana utaambiwa umekuja na ubaya moyoni. Nikawa namjaribishia kijana wa bodaboda matusi yangu mgongoni, naye akacheka kwa mawili, mengine akasema ni ya kizamani.

Tulipokaribia nikaona turubai limefungwa mbele ya nyumba, mikeka imejaa watu, na masufuria ya pilau mekoni. Nikasema moyoni, nimekuta arusi, bahati iliyoje! Nikashuka, nikavua kofia, nikapaza sauti:

"Yuko wapi mwizi wa kuku? Yuko wapi huyu Mhando? Anapika pilau ananificha, anadhani Zinga hatuna pua! Mtoeni nje nimwone hayo meno yake mawili!"

Watu wote wakanyamaza. Halafu mzee mmoja mkekani akajipiga mapaja.

"Mtani kaja! Watani wa Zinga wamekuja!"

Mikeka ikalipuka. Watu walicheka, wakanikumbatia, mwingine akanipiga ngumi ya mgongo. Wanawake upande wa pili wakashika nyuso zao, wakicheka na machozi yakiwatoka. Nikavutwa mpaka katikati. Sikuelewa furaha kubwa namna ile ni ya nini.

"Mhando mwenyewe yuko wapi?" nikamwuliza kwa sauti ya chini aliyekaa karibu nami.

Akaangua kicheko, akawatangazia wote. "Anauliza yuko wapi! Nenda kamchimbue!"

Wakacheka tena. Na mimi nikaiona mikeka ilivyo. Nikaona wanaume hawana kanzu za arusi, nikaona juzuu zimepangwa juu ya mto, na wale wanawake mlangoni wamejitanda khanga mpaka machoni. Nilikuwa nimeingia matangani. Nilikuwa nimemtukana maiti, na wao walikuwa wakinishukuru.

Mtoto wa Mhando, Sefu, mtu mzima wa umri wangu, akaninong'oneza. "Tulikata tamaa, mtani. Leo tunaanua tanga, na hakuna aliyemsema mzee. Tumepiga namba ya Mzee Kondo tukachoka. Mbona hakuja mwenyewe?"

Kabla sijamjibu, mwanamke mmoja alikwisha kutoa kiitikio. "Mzikeni mbali, asije akarudi." Wote wakakipokea. Ulikuwa ule ule wa kwetu, haukupungua neno. Wakaitikia mara ya pili, kisha wakaacha ile nafasi anayoingia mtani, wakanitazama.

Nafasi ile ni ndogo, pumzi moja tu. Niliiona ndefu kama njia yote niliyokuja. Ningesema nini? Nilimwona Mhando nikiwa mtoto, aliponinyang'anya muwa akaula wote mbele yangu. Sijui alikoroma au hakukoroma. Sijui alimwogopa nani. Nikasema lile moja nililokuwa nalo, tena la kubuni barabarani:

"Mhando wa meno mawili..."

"Meno alikuwa nayo yote," mwanamke mmoja akasema, bila ukali, kama anayemsahihisha mtoto.

Kicheko kikafa. Wakaniimbia kiitikio tena, polepole, kunisaidia. Nafasi ikaja, ikapita. Nikamkumbuka baba, nikakumbuka kwamba hawa watu hata hawajui amekufa, na nikalia. Mtani halii msibani. Nililia kama mfiwa, mbele ya wafiwa, na wao ndio wakaanza kunifariji mimi. Shekhe akasogea akasoma dua, tanga likaanuliwa, pilau ikaletwa. Niliila, kwa kuwa kuikataa ingekuwa aibu juu ya aibu.

Baadaye nikamweleza Sefu habari ya baba. Alidhani natania. Ikabidi nimwapie.

"Njoo wewe Zinga," nikamwambia. "Mama yangu anangoja. Njoo umseme baba."

"Mtani, mimi nakuja hata kesho," akasema. "Lakini Mzee Kondo mimi simjui. Nitamsema nini?"

Jibu lenyewe nilikuwa nimetoka kuliona kwenye mkeka.

Nilipokuwa naaga, mjane, Bi Tausi, aliniita kutoka nyuma ya pazia la mlango. Yumo edani, sikumwona.

"Mtani, Kondo naye ametangulia?"

"Ametangulia, Bi Tausi."

"Wale walilala chumba kimoja ujanani, wakivua pamoja. Kondo alijua mambo ya mume wangu ambayo hata mimi nilikuwa nayaficha. Sasa nani atamsema wangu?"

Nikamwambia Mungu atamrehemu. Akaniitikia amina, kwa adabu tu.

Kurudi, kwa njia ndefu

Sikutaka tena tope wala Saadani. Nikapanda basi kwenda Pangani, kutoka hapo Muheza, kisha barabara kuu. Nilikaa dirishani, na nitawaambia kitu ambacho sijamwambia Mwajuma. Mistari ilianza kunijia. Sikuiita. Jogoo na kandambili. Baba alivyokuwa anajifanya kiziwi akiitwa kuchota maji. Alivyoficha maandazi ndani ya kofia, akasahau, akaenda nayo msikitini. Alivyosema haogopi nyoka, na siku ile alivyopanda juu ya meza akamwacha mama chini. Kila mstari ulikaa sawasawa kwenye ile pumzi, na kiitikio nikakisikia kikinifuata. Wimbo mzima wa baba ninao, hakuna mtu duniani anayeujua kuliko mimi, na mimi ndiye nisiyeruhusiwa kuuimba. Abiria wa pembeni aliniuliza kama naumwa.

Nilifika Zinga alasiri. Mwajuma alinipokea begi, akatazama nyuma yangu kuona nimekuja na nani. Nikaingia kwa mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mhando yuko wapi?"

"Mhando amefariki. Nimekuta wanaanua tanga."

Akapitisha kiganja usoni. "Innalillahi." Akakaa. "Na wimbo?"

"Mama, wimbo ninao. Nimekuja nao wote. Nikuimbie mimi?"

"Wewe ni mwanawe," akasema. "Ukiuimba wewe, umemtukana. Ataondokaje hapa, ametukanwa na mwanawe?"

Nilijua atasema hivyo. Niliuliza kwa sababu sikuwa na lingine la kumpa.

"Mke wa Mhando yu hai?" akauliza.

"Yu hai. Anaitwa Bi Tausi. Yumo edani."

"Nani alimwimbia mumewe?"

"Walinipa mimi."

"Ukamwimbia?"

"Nilishindwa, mama. Sikuwa na la kumsema."

Mama akanitazama kwa muda, na katika macho yake sikuona hasira. Ningeshukuru kuiona.

"Basi tuko wajane wawili," akasema.

Kisha akaniambia nirudishe mlango, nikaurudisha.